Msiba wa Mguu wa Mzee Kondo

Waliokuwepo uani kwa Bi Salma siku ya makopo nitawataja kwanza, maana kila anayeisimulia habari hii anaongeza watu wake. Alikuwepo Bi Salma binti Mwinyi mwenyewe, mjane, aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe. Alikuwepo Mzee Kondo Salum, Mzaramo wa Kisarawe, fundi cherehani wa barazani, mpangaji wa chumba cha mbele tangu huyo marehemu yu hai. Alikuwepo Jumanne Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, msukuma mkokoteni wa sokoni Kariakoo, mpangaji wa chumba cha mwisho kinachopakana na choo. Huyu na Mzee Kondo walikuwa watani, kwa sababu Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za wazee wetu. Mmoja anaweza kumtukana mwenzake mchana kweupe na wote wakacheka. Alikuwepo pia Mama Zubeda wa Lindi, muuza chai na maandazi wa mlangoni, ambaye hakuwa ndugu wa mtu pale lakini wote walikuwa wanakula kwake. Mimi nilifika adhuhuri, nikakuta hukumu imeshatoka.

Mimi ni Mwanaidi binti Rajabu. Nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea katika mtaa wetu, si mbali na Mtaa wa Kongo, mpaka magoti na macho yaliponiambia basi. Nyinyi mnaopokea kazi mmeniomba niandike mambo ya kazini. Nilisoma hadi darasa la nne, kwa hiyo mkikuta herufi imelala, iinueni muendelee.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mkoba, mwavuli na Sista Veneranda Komba. Mkoba ulikatika mpini mapema na mwavuli uliibiwa msikitini, lakini Sista Veneranda nilibaki naye. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mrefu, anayeongea polepole kama anayehesabu vidonge. Aliniambia, "Bi Mwanaidi, ukiingia nyumba ya mtu usianze na ugonjwa. Anza na chakula. Habari za choo atakudanganya, lakini habari za chakula atajisifu." Nikafanya hivyo miaka yote na sijawahi kujuta. Mtu anakuambia kabisa, bila kuulizwa, kwamba jana alikula wali wa nazi sahani mbili na akashushia na soda, halafu ndipo anakuambia hajui kiu hii inatoka wapi.

Kisukari ndicho kilichonisumbua kuliko magonjwa yote. Malaria watu wanaiheshimu. Kipindupindu wanakikimbia. Kisukari kila mtu alikuwa na maoni yake. Wengine walisema ni ugonjwa wa watu wa Upanga wenye magari, mtu wa kutembea kwa miguu haumpati. Wengine walisema ukipimwa ndipo unaanza kuugua, kwa hiyo mwenye akili hapimwi. Marehemu Bi Tatu Feruzi alikuwa anakunywa chai kavu bila sukari, tena kwa fahari, huku anakula halua kipande baada ya kipande. Nilipomuuliza akasema, "Mwanangu, chai nimeikataza. Halua haikutajwa." Na mume wake, kila akitoka kwenye harusi alikunywa maji ya mwarobaini, machungu yaende tumboni yakapigane na keki. Alikuwa anakaa kabisa kwenye kiti, mkono tumboni, anasikiliza nani anashinda.

Sasa nyumba ya Bi Salma. Ni nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, uani choo kimoja na bafu moja kwa wote. Maghorofa yameizunguka pande tatu, jua linaingia uani mchana tu, kama mgeni wa kupita. Bi Salma aliona sisimizi wamepanga mstari kwenda chooni. Alikuwa amenisikia nikipita na kusema kwamba mwenye kisukari mkojo wake unaweza kuwa na sukari. Akaunganisha. Akaamua kwamba kuna mtu ndani ya nyumba yake ana kisukari, na kwamba ugonjwa huo utapanda kutoka kwenye sakafu ya choo umpate yeye. Mimi nilikuwa nimesema waje wapimwe kituoni. Hilo hakulisikia.

Asubuhi moja akawaamuru wote watie mkojo kwenye makopo na kuyapanga ukutani, njia ya sisimizi. Yeye mwenyewe akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akangoja. Mama Zubeda ndiye aliyetoa makopo, maana kwenye chai yake anatumia maziwa ya kopo na hatupi kitu. Mengi yalikuwa yameshaoshwa. Maganga alichelewa kuamka, akapewa lililobaki, ambalo lilikuwa limefunguliwa jana yake. Mzee Kondo alikataa kopo la watu. Alisema fundi hashiriki vyombo, akaenda kuleta kopo lake analooshea vyuma vya cherehani kwa mafuta ya taa.

Kwa hiyo mnajua kilichotokea. Sisimizi walilipita kopo la Mzee Kondo kwa mbali, kama watu wanaopita kituo cha polisi. Wakaingia wote kwenye la Maganga.

Nilipofika, Bi Salma alikuwa bado amekaa juu ya mbuzi yake. "Bi Mwanaidi, umechelewa," akasema. "Sisimizi wameshamaliza kazi. Mgonjwa ni Maganga. Mwezi ukiisha atafute chumba kwingine."

Niliinama nikanusa makopo. Kazi yetu hii ina kunusa kwingi, jizoezeni mapema. Nikawaambia hili lina maziwa na hili lina mafuta ya taa, hakuna sisimizi duniani atakayechagua vingine.

"Unatetea kazi yako," Bi Salma akanijibu. "Sisimizi hawalipwi mshahara, watadanganya kwa faida gani?"

Na mimi nilikuwa silipwi, lakini nikaona si wakati wa kulisema hilo.

Mzee Kondo alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. "Dada yangu, wacha wivu. Sisimizi wamenisafisha. Mama Zubeda, niletee soda ya baridi na andazi. Na huyu Mnyamwezi mpe maji ya bomba, sukari anayo ya kwake."

"Cheka, Mzaramo," Maganga akasema. "Nikifa mimi nitarudi nikukokote."

Kilichofuata kilikuwa kichungu. Bi Salma, kwa huruma, alisema Maganga anaweza kubaki akikubali kutibiwa. Kila alfajiri akamnywesha mwarobaini na shubiri mpaka macho yanamtoka. Mama Zubeda akakataa kumuuzia chai ya maziwa na maandazi. Mtu anasukuma mkokoteni wa magunia ya mchele kutoka sokoni mpaka Mchafukoge na tumboni hana kitu ila majani. Akakonda. Walipomwona amekonda wakasema, si mnaona, kisukari hicho.

Nikamshika mkono nikampeleka kwa Sista Veneranda. Akampima, akampima tena siku nyingine kabla hajala. Hakuwa na kitu. Sista akamwambia, "Wewe una njaa tu. Nenda ukale." Nilirudi naye uani nimefurahi, nikawatangazia kwamba Maganga hana kisukari.

Bi Salma akainua mikono. "Alhamdulillahi, dawa imefanya kazi."

Nilikaa chini. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba ukileta majibu mazuri uwe mwangalifu yanaangukia mikononi mwa nani. Habari ikazagaa mtaani kwamba kuna mtu amepona kisukari kwa mwarobaini na shubiri ya Bi Salma, na kituo kimekiri. Watu niliokuwa nimewabembeleza waje kupimwa wakaanza kuja na chupa kwa Bi Salma. Alikuwa hawatozi. Alifurahia tu salamu.

Lakini jicho langu lilikuwa kwa Mzee Kondo. Alikuwa anaweka dumu la maji chini ya cherehani na linaisha kabla ya adhuhuri. Alikuwa anamwacha mteja amesimama na suruali nusu ili akimbilie uani. Na mguu wake wa kushoto, ule anaokanyagia pedali, alianza kuuvalisha soksi nyeusi na joto lote lile la Dar. Siku moja nilikaa karibu naye nikisubiri kanga yangu ikunjwe pindo. Nikanusa.

"Mzee Kondo, mguu una nini?"

"Pedali imenikwaruza. Kidonda kidogo."

"Kinauma?"

"Hakiumi hata kidogo, ndiyo maana nakuambia ni kidogo."

Sista Veneranda alikuwa amenifundisha hili mapema kabisa: kidonda kinachouma kinamtunza mwenyewe, kisichouma kinamla. Nikamwambia twende kituoni. Akasema sisimizi wameshaamua. Nikamwambia anaweza kuukosa mguu. Akasema, "Bi Mwanaidi, mimi huu mguu ndio unanilisha. Unadhani naweza kuusahau?" Akakanyaga pedali kunionyesha, cherehani ikalia, na mimi nikaona alama ya unyevu kwenye soksi.

Nilienda kila siku. Nilimpeleka shehe wa mtaa, akazungumza naye vizuri, akatoka pale amepimwa kanzu. Nilimleta Sista Veneranda mwenyewe. Mzee Kondo alimpa kiti, akampa soda, akamsifu ushonaji wa gauni lake, na soksi hakuivua. Watu wa kumheshimu alikuwa anawaheshimu, wakaondoka. Nikafikiri, huyu anahitaji mtu asiyelazimika kumheshimu. Nikaenda sokoni kumtafuta Maganga. Nilimkuta amelala juu ya mkokoteni wake kivulini.

"Maganga, mguu wa mtani wako unaoza."

Akafungua jicho moja. "Upi?"

"Wa kushoto. Na hataki kwenda kupimwa."

Ule mwarobaini ulikuwa bado unamkaa kooni, angeweza kusema yake. Akasema, "Bibi, hilo niachie mimi. Wanyamwezi tunajua kuzika Wazaramo."

Nyinyi vijana wa siku hizi utani mmeuacha kwenye simu, basi nieleze. Mtani ana haki msibani. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza alivyokuwa anatembea, kulala kwenye njia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Wafiwa hawaruhusiwi kukasirika. Akikasirika mtu, aibu ni yake.

Kesho yake asubuhi, maduka yanafunguliwa, Maganga akaingia barazani na bafta nyeupe begani, ile wanayokatia sanda, akakaa chini mbele ya cherehani ya Mzee Kondo akaanza kulia. Alikuwa na sauti ya kupiga honi mkokotenini, basi alisikika mpaka kwenye maduka ya vitenge. "Mguu wa Mzaramo umetutoka. Ulikuwa mguu mzuri, mfupi kidogo, lakini ulikuwa na adabu."

Mzee Kondo akatabasamu, akaendelea kushona. Utani huo aliuzoea. Kilichoharibu mambo ni watu. Kariakoo ukilia barazani, watu wanakaa. Jirani muuza ndoo alileta mkeka. Akaja mama mmoja apitaye njia, akavua viatu, akajisogeza.

"Poleni jamani. Nani amefariki?"

"Mguu," Maganga akamjibu.

"Wa nani?"

"Wa huyu fundi anayeshona."

Mama akamtazama fundi, akatazama chini ya cherehani. "Upi?"

"Wa kushoto."

"Alikuwa anaumwa muda mrefu?"

"Alificha. Tumeambiwa juzi tu."

Yule mama akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli na hakuondoka. Mama Zubeda, akiona watu wamejaa, akabandika birika la chai ya msiba, bila kuuliza. Bi Salma akatoka ndani amejitanda kanga nyeusi, akakaa na wafiwa, na sijui mpaka leo kama alijua msiba ni wa nini. Wateja wa Mzee Kondo walikuwa wanafika na nguo zao, wakiona mkeka wanarudi.

Ndipo Mzee Kondo akaacha kutabasamu. "Mtani, unaniharibia biashara. Sema unataka nini."

Maganga akamwekea bafta juu ya meza ya cherehani. "Mimi mteja. Nishonee sanda ya mguu. Tutauzika peke yake, wewe utabaki."

"Sanda haishonwi namna hiyo."

"Basi nitampa fundi wa upande wa pili."

Yule fundi wa upande wa pili, anaitwa Shabani Mtulia, alikuwa na uhasama na Mzee Kondo tangu habari za kola ya bwana harusi mmoja. Mzee Kondo akachomoa utepe wa futi shingoni. "Shabani apime mguu wangu? Shabani hajui hata kukunja suruali." Akasukuma kiti nyuma, akavua kandambili mbele ya watu, na soksi nyeusi akaishusha mwenyewe. Harufu ikafika kwa wafiwa, na wale waliokuwa wanacheka wakaacha.

Akazungusha futi kwenye kifundo cha kulia kwanza, kwa mazoea, maana fundi anapima pande zote mbili zilingane. Akashika alama kwa kucha. Akazungusha kwenye kifundo cha kushoto. Alama haikufika, kifundo kimevimba. Akapima tena. Akageuza futi upande wa pili, akapima tena, polepole. Nilimwona anavyoitazama ile futi. Sisimizi alikuwa amewaamini kwa kuwa walimpendelea, lakini futi alikuwa nayo tangu ujana wake.

"Kondo," Bi Salma akasema kwa sauti ndogo, "una pini mguuni."

Ilikuwa imezama kwenye unyayo, karibu na kisigino, kichwa tu kinaonekana, pini ya fundi yenye kichwa cha bluu. Mzee Kondo akainama akaichomoa. Hakukunja hata uso. Aliigeuza mwangani akaitazama.

"Hii pini," akasema, "nimeitafuta tangu juzi."

Mama Zubeda alikuwa amesimama na birika mkononi hamimini. Mzee Kondo akaichomeka ile pini kwenye mto wake wa pini, mahali pake, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mtani, mkokoteni uko wapi?"

Tulimpeleka kituoni juu ya mkokoteni, mguu umelazwa juu ya ile bafta. Maganga alisukuma. Wafiwa walitufuata, wakiwemo wasiojua tunakwenda wapi, na yule mama apitaye njia ambaye nilikuja kujua baadaye anaitwa Mwajuma Ngwali na alikuwa ametoka Magomeni kununua mapazia. Watu barabarani walitupisha. Mwendesha bajaji mmoja aliuliza, "Mgonjwa?" Maganga akamjibu, "Sehemu."

Sista Veneranda alimchoma kidole na sindano ikagoma. Fundi aliyejichoma miaka yote vidole vyake ni kama ngozi ya kiatu. Akahangaika navyo mpaka akapata damu kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Na Mzee Kondo, anayejichoma sindano tangu ujana, alifumba macho na kumshika Maganga mkono. Kipimo kilitoka juu mno. Aliposomewa akasema mashine imebeba sukari ya mtu aliyetangulia, Sista naye ajipime tuone. Sista akajipima mbele yake, hakuwa na kitu. Mzee Kondo akasema basi apimwe Maganga. Maganga akapimwa. Halafu Bi Salma akatoa kidole chake mwenyewe, nyuma yake wafiwa wakapanga foleni, na siku ile Sista alipima watu wengi kuliko niliowahi kumletea kwa maneno. Bi Mwajuma wa Magomeni alikutwa na kisukari. Alikuja kununua mapazia.

Mzee Kondo alipelekwa hospitali kubwa siku hiyohiyo. Alikaa huko muda mrefu. Walikata nyama iliyokufa, na kidole kidogo cha mguu kilibaki hukohuko. Daktari alisema angechelewa kidogo tu wangekata chini ya goti. Maganga alikuwa anaenda kila jioni kumlisha na kumtukana.

Ile bafta haikupotea. Mzee Kondo aliporudi aliishona soksi. Sista ndiye aliyemwagiza avae soksi nyeupe, ili kidonda kikitoa maji au damu macho yaone kile ambacho mguu hausikii. Hilo liandikeni mahali: mgonjwa wa kisukari soksi nyeupe, na kila jioni atazame unyayo, kama hawezi kuinama aweke kioo sakafuni. Watoto wa mtaani walikuwa wanasema fundi amevaa sanda. Yeye anawajibu, "Ndiyo, na bado natembea nayo." Pedali sasa anakanyaga kwa mguu wa kulia.

Bi Salma aliacha mambo ya makopo. Kukosea hakukiri. Alisema sisimizi wale walikuwa wageni, wa kutoka ghorofani, hawaijui nyumba.

Mwarobaini bado watu wanauomba, msije mkadhani niliwashinda. Lakini wanapima kwanza, halafu wanakunywa na mwarobaini wao, na dawa za hospitali wanameza. Mimi nilikuwa naachia hapo. Mtu akishatoa kidole, majani yake mwachie.

Ndiyo niliyoyakumbuka. Mama Zubeda anasema lile kopo la Maganga lilikuwa la jemu na si la maziwa. Mzee Kondo anawaambia watu hakulazwa mkokotenini, alikaa wima kama abiria. Mimi niliona alivyolala, lakini macho yangu nimeshawaambia habari zake. Aliyekuwepo na akaona nimekosea, anisahihishe. Sasa nakaa Magomeni kwa binti yangu Asha, nyumba ya pili baada ya duka la mkaa, kuna ngazi tatu za kupanda. Mzee Kondo kama ana ubishi aje mwenyewe. Azipande kwa miguu yake, yote miwili.